Gitega mpaka Brussels ni Masaa Mangapi?

Mwezi huu zamu ya kuandika imetufikia sisi wa upande wa historia. Insha yetu imezaliwa kwenye foleni ya maji.

Ilikuwa jioni, madumu yamepangwa, tunangoja. Mwenzetu mmoja, ambaye shangazi yake anaishi Ubelgiji, akachukua simu akauliza umbali wa ndege kutoka Gitega mpaka Brussels. Jibu likaja palepale: kama kilomita 6,500, karibu masaa saba na nusu hewani. Akalisoma kwa sauti ili wote tusikie. Dada mmoja aliyekuwa nyuma yake akasema, "Masaa saba? Mimi kesi yangu iko na miaka tisa." Tukacheka wote. Halafu kicheko kikaisha na hakuna aliyesema kitu.

Usiku tukaanza kubishana. Simu haikudanganya. Dada naye hakudanganya. Dunia ni ileile na kilomita ni zilezile. Sasa hii tofauti kati ya masaa saba na miaka tisa imetoka wapi, na ilianza lini? Tukaona hilo ni swali la historia, basi tukalichukua.

Kwanza hesabu yenyewe

Namna simu inavyohesabu ni rahisi, hata sisi tunaweza. Inachukua mahali pa Gitega na mahali pa Brussels kwenye dunia, inavuta uzi mfupi kuliko wote kati yake, inapata kilomita 6,500. Halafu inagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 850 hivi kwa saa. Basi. Na ukifika huko, saa yako huenda usiibadilishe: wakati wa kiangazi chao, saa ya Ubelgiji na saa ya Burundi ni moja. Wakati wa baridi wanabaki nyuma yetu kwa saa moja tu.

Lakini hakuna mtu anayepita kwenye uzi huo. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, lakini ndege kubwa za kwenda Ulaya hazitui huko. Ni lazima uteremke kwanza Bujumbura kwa barabara, kama kilomita 100 za kona na milima, mpaka uwanja ambao tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye. Huko napo ndege mara nyingi inatua kwanza mji mwingine kuchukua watu kabla ya kuelekea Ulaya.

Na sisi bado hatujafika hata Gitega. Kutoka Muyinga mpaka Gitega, ukivuta uzi uleule wa simu, ni kilomita 80 hivi. Kwa ndege ni dakika sita. Ili tuandike insha hii, watatu kati yetu waliamua kwenda kuona Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yale yaliyoanzishwa 1955. Siku nne za kwanza walingoja karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, juu mtu wa kuweka sahihi hakuwepo. Siku ya tano wakapata Probox. Dereva hakuwa na mafuta ya kutosha, wakangoja tena. Njia ya kupitia Karuzi yenyewe ni nzuri, ina lami, mwendo haukuzidi masaa mawili na kitu. Kwa hiyo dakika sita za ndege zilikuwa siku tano za mkimbizi, na hapo bado hatujavuka mpaka wowote. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Wakati wa miguu

Zamani umbali ulipimwa kwa miguu. Mtu akitembea kilomita 30 kila siku bila kupumzika, kilomita 6,500 zinamchukua zaidi ya miezi saba, na katikati kuna jangwa na bahari.

Mzungu wa kwanza kukatiza nchi ya Burundi alikuwa Oscar Baumann, mtu wa Austria aliyetumwa na Wajerumani. Aliondoka Tanga Januari 1892, akazunguka upande wa ziwa Victoria, akaingia Burundi Septemba mwaka uleule. Miezi minane kutoka pwani tu, bado hujahesabu meli ya kutoka Ulaya. Alikuja na msafara mrefu wa wapagazi na watu wenye bunduki. Viza hakuwa nayo. Hakuna aliyemwambia angoje nje ya mto mpaka majibu yatoke.

Wajerumani walipigana na Mwami Mwezi Gisabo miaka kadhaa, mpaka mkataba wa Kiganda wa Juni 1903, ambao ulimlazimisha kuwatambua. Mwaka 1912 wakahamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, wakayaweka Gitega. Kuanzia hapo Gitega ikawa na haja ya kuongea na Berlin kila mara. Barua zilitoka kwa miguu, zikashuka milima, zikavuka ziwa, zikaenda pwani.

Februari 1914 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma. Njia ya karibu kilomita 1,250, ambayo misafara iliitembea kwa miezi, sasa ilikuwa ya siku chache. Wajerumani hawakuifaidi sana. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Gitega, na vita vilipoisha Burundi na Rwanda zikawa chini yao. Mwaka 1921 Ubelgiji na Uingereza wakakubaliana Wabelgiji wapate sehemu zao wenyewe bandarini Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo yao ipite bila usumbufu. Sasa mtu wa utawala aliweza kutoka Gitega, akashuka Usumbura, akapanda mashua mpaka Kigoma, treni mpaka Dar es Salaam, halafu meli mpaka Ulaya. Safari nzima ilizidi mwezi mmoja, lakini iliwezekana kuipanga kwa kalenda.

Angalieni kitu kimoja hapo. Hata kabla ya ndege, dola kubwa mbili zilikaa mezani ili mizigo ya Wabelgiji isichelewe mpakani. Mwananchi mwenyewe hakuwekewa meza hiyo. Kwa mfano, katika Kongo ya Wabelgiji, mtu mweusi alihitaji karatasi ya ruhusa ili ahame kutoka eneo moja kwenda lingine ndani ya nchi yake. Babu wa baadhi yetu waliitembeza karatasi hiyo mfukoni. Wenzetu waliongoja siku nne kwenda Gitega wamerithi karatasi ya zamani sana.

Ndege inaingia

Tarehe 12 Februari 1925 rubani wa Kibelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels na wenzake wawili kwenda Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Walifika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Ndege iliharibika njiani, wakatengeneza, wakangoja vipuri, wakaendelea. Watu walishangilia, na kweli ilikuwa ajabu.

Miaka kumi baadaye, Februari 1935, shirika la Sabena lilianza safari za kawaida za Ubelgiji na Kongo. Sasa ilikuwa siku tano na nusu, abiria wakilala chini kila usiku, juu ndege haikuruka gizani. Baada ya Vita vya Pili zikaja ndege za injini nne, siku zikapungua, na katika miaka ya 1950 Usumbura nayo ilikuwa na uwanja wa ndege. Mwaka 1960 Sabena ikaanza kutumia ndege za jeti. Kuanzia hapo hesabu ya masaa tunayoiona kwenye simu ikawa kitu cha kawaida.

Tuziweke pamoja ili zionekane: siku 51 mwaka 1925, siku tano na nusu mwaka 1935, chini ya siku moja mwaka 1960. Mtu mmoja anaweza kuyaona yote hayo kabla hajawa mzee. Mwanamfalme Louis Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932, kabla safari za kawaida hazijaanza. Alipokuwa kijana alikwenda kusoma Antwerp, Ubelgiji, akarudi, akaongoza nchi kuelekea uhuru, akauawa Oktoba 1961 akiwa na miaka 29. Kwa wazazi wake Ulaya ilikuwa mwezi na zaidi. Kwake ilikuwa shule.

Na karatasi nazo zinaingia

Hapa ndipo tulipopata kitu ambacho hatukukijua, na ndicho kilichotufanya tuandike.

Kabla ya Vita vya Kwanza, nchi nyingi za Ulaya hazikuwa zinamuuliza msafiri pasipoti. Vita vya 1914 vilileta pasipoti na viza kila mpaka, na vita vilipoisha vitu hivyo havikuondoka. Wakati huohuo watu wengi sana, hasa Warusi, walijikuta hawana nchi ya kuwapa pasipoti. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen wa Norway, aliyekuwa anasimamia mambo ya wakimbizi katika Umoja wa Mataifa wa wakati ule, alitengeneza karatasi maalumu ya safari kwa ajili yao. Iliitwa pasipoti ya Nansen. Yaani karatasi ya mkimbizi na ndege ya abiria ni watoto wa miaka ileile. Miaka ambayo Thieffry anafupisha njia hewani ndiyo miaka ambayo njia inarefuka mezani.

Halafu ikaja 1951. Mwaka huo dunia iliandika Mkataba wa Wakimbizi, na kifungu cha 28 kinasema mkimbizi anayekaa nchini kihalali apewe hati ya kusafiria. Lakini mkataba ule wa kwanza uliwahusu watu waliokimbia kwa sababu ya mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi iliweza kusema ni ya Ulaya tu. Sisi Waafrika tuliingia rasmi kwa itifaki ya 1967, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukapanua zaidi maana ya mkimbizi. Mwaka huohuo wa 1951 ndipo lilipoanzishwa shirika ambalo leo tunaliita IOM, lile ambalo mfuko wake mweupe wa karatasi kila mtoto wa kambini anautambua. Liliundwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Wazungu waliobaki bila makazi baada ya vita. Wao ndio walikuwa abiria wake wa kwanza.

Ndege inapokuwa na haraka

Historia ya hapa kwetu inaonyesha kwamba ndege inaweza kukimbia sana ikitakiwa.

Julai 1960, siku chache baada ya uhuru wa Kongo, askari waliasi na Wabelgiji wakaogopa. Sabena ilikusanya ndege zake, na ndani ya wiki chache maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamepelekwa Brussels. Hatusemi walikosea kukimbia. Mtu mwenye hofu anakimbia, sisi tunajua. Tunasema tu kwamba uamuzi ulipofanyika, umbali ulirudi kuwa masaa.

Oktoba 1965 kulikuwa na jaribio la mapinduzi Burundi. Mwami Mwambutsa IV alikwenda Ulaya na hakurudi tena. Alifariki Geneva mwaka 1977 akazikwa kulekule. Geneva ndiko yaliko makao makuu ya UNHCR. Mfalme wa Burundi naye alimaliza maisha yake uhamishoni, kwenye mji ambao mafaili yetu yanasimamiwa. Tofauti ni kwamba yeye alifika kwanza.

Sasa mchukueni Mrundi wa kawaida. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji, wakaingia Tanzania kwa miguu. Walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakazaa, wakazeeka. Kuanzia 2007 Marekani ilipokea elfu kadhaa kati ya wakimbizi hao wa 1972. Safari ya ndege, pamoja na kubadilisha ndege, ni siku moja au mbili. Kutoka 1972 mpaka 2007 ni miaka 35. Dada yetu wa miaka tisa aliposikia hilo alishika kichwa.

Lakini wengi wao hawakupanda ndege yoyote. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya 160,000. Wale walifika bila kutoka walipokuwa. Tulipenda sana jambo hili, juu kambini tumezoea kufikiri kufika ni lazima kuwe na uwanja wa ndege.

Na kuna nyakati ndege zenyewe zinasimama. Tarehe 4 Desemba 2000, wakati wa vita, ndege ya Sabena ikitoka Brussels ilipigwa risasi ikikaribia kutua Bujumbura, watu wawili wakajeruhiwa, na safari zikakatwa. Mwaka uliofuata Sabena yenyewe ilifilisika. Mwaka 2020 korona ilifunga uwanja wa Bujumbura kuanzia Machi mpaka Novemba. Na tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Safari zilizokuwa zimekwisha pangwa zikafutwa. Watu walikuwa wameuza magodoro na vyungu. Mawingu yalikuwa safi siku hizo, ndege ziliruka kama kawaida, na viti vyao vilikuwemo.

Mwezi uliofuata, Februari 2025, ndugu zetu kutoka Kivu walivuka Rusizi kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea. Uvira mpaka Bujumbura haifiki hata kilomita 40. Kuna waliozama kwenye umbali ambao ukisimama ukingoni unaona mtu wa ng'ambo na rangi ya shati lake.

Tumejifunza nini

Tumejifunza kwamba kila safari iko na namba mbili. Ya kwanza ni ya kilomita, na hiyo wahandisi wameimaliza zamani. Ya pili ni ya ruhusa, na hiyo inaamuliwa na watu, kwa hiyo inaweza kurefushwa na inaweza kufupishwa. Mwaka 1960 ilifupishwa. Mwaka 2025 ilirefushwa kwa sahihi moja.

Kwa ninyi kaka na dada wa mashirika, tuko na ombi moja. Mnapotueleza kuhusu kwenda nchi ya tatu, mtuambie namba ya pili waziwazi. Kwamba duniani wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki hata mmoja kati ya wakimbizi mia. Kwamba kuna mahojiano, ukaguzi wa usalama, vipimo vya hospitali, na kwamba vipimo vikipita muda vinarudiwa. Kama hamjui lini, semeni hamjui. "Karibuni hivi" ni neno zuri, lakini limeharibu watu. Kati yetu kuna kijana aliyeacha shule akiwa mwaka wa tatu wa sekondari kwa sababu aliambiwa familia yake inaondoka karibuni. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Hakuondoka, na darasa lake limemaliza.

Kwa sisi vijana: msiache shule kwa sababu ya ndege. Cheti unaweza kukibeba mpaka Brussels, mpaka Chicago, mpaka Uvira tukirudi siku moja, na hata hapa Muyinga kinafaa. Na mtu yeyote akikwambia anaweza kusogeza jina lako mbele kwa pesa, huyo ni mwizi. Nafasi ya kwenda nchi ya tatu haiuzwi, hata kwa franka moja. Nenda ukaseme ofisini.

Dada wa miaka tisa tulimuuliza kama tumuweke kwenye insha. Akakubali, akasema tuongeze kitu kimoja. Siku hizi kila Jumanne na Alhamisi anafundisha watoto wadogo kusoma ramani, chini ya mti nyuma ya darasa, na ramani yenyewe anaichora kwa kijiti kwenye vumbi. Wiki iliyopita mtoto mmoja alisimama na mguu mmoja Muyinga na mwingine Ubelgiji, akamuuliza, "Sasa nimefika?" Alimwambia asogee kwanza, anakanyaga Misri.

Tuambieni na ninyi. Kwenu mlipo, Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Bwagiriza au huko Ulaya mlikofika, namba yenu ya kwanza ni ngapi na ya pili ni ngapi? Andikeni hapa chini, tutazikusanya. Mwezi ujao zamu ni ya wenzetu wa upande wa kilimo, wataeleza historia ya muhogo.

Sisi wenu, vijana wa kikundi, Muyinga.